Wadudu wa Vyunguni na wa Miti ya Uani: Dawa Ipi Ifaayo?



Katika jarida hili tumezoea kuzungumza habari za mikarafuu: kupalilia, kuchuma, kuanika, na bei. Mara hii tumeona yafaa turudi nyumbani tutazame vyungu vya barazani na miti michache iliyo uani, maana huko ndiko dawa za wadudu zinakotumiwa bila ya kipimo na bila ya kuulizana. Mtu ambaye hathubutu kutia kitu chochote katika mikarafuu yake mpaka amwulize Bwana Shamba, huyo huyo akiona mrihani wake umejikunja majani hukimbilia dukani, akanunua chupa ya kwanza aliyoonyeshwa, akaipiga jioni ile ile. Na asubuhi yake mtoto huenda kwenye chungu cha jirani yake akachuma mchaichai wa kutia katika chai.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Mimi mwenyewe nilifanya kosa kubwa kuliko hilo, nalo lilinigharimu nazi za karibu miaka miwili. Nitalieleza mbele, mahali pake.

Kabla ya kununua kitu, geuza jani. Aghalabu ya wadudu wanaoharibu miti ya nyumbani hukaa upande wa chini wa jani, na mtu anayetazama juu tu huona ugonjwa asimwone mgonjeshaji. Barazani, adui wa kawaida ni wale wanaofyonza. Kuna vidukari, walio laini, wa kijani au weusi, wanaojazana kwenye machipukizi machanga. Kuna wale weupe kama vipande vya pamba, wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Kuna inzi weupe wadogo wanaoruka kama majivu ukiutikisa mti. Na kuna wadudu gamba, ambao hawafanani na wadudu hata kidogo. Ni vidoa vya kahawia vilivyogandamana na kijiti, na mtu hudhani ni gome mpaka aparue kwa ukucha. Wote hawa hunywa utomvu wa mti, na wakishiba hutoa maji matamu yenye kunata. Juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Wengi hutuletea jani la mndimu la namna hiyo wakisema, "Mti wangu umeungua." Haukuungua. Masizi hayo hayaingii ndani ya jani, ila huliziba lisipate jua. Mfyonzaji akiondoka masizi hayaongezeki, nayo mvua na kitambaa chenye maji huyaondoa.

Tena wako utitiri, wadogo kama vumbi, wenye miguu minane, ambao kwa hakika si wadudu bali ni jamaa za buibui na kupe. Jani hugeuka likawa na madoadoa ya rangi ya manjano, na ukitazama chini utaona utando mwembamba. Utitiri hupenda mahali pakavu, chini ya paa ambapo mvua haifiki. Hapa watu wengi hukosea: hupiga dawa kali ya wadudu, na dawa ile huwaua wale wanaowala utitiri, utitiri wenyewe wakabaki, na baada ya wiki mbili wamekuwa wengi kuliko mwanzo. Dawa yake ya kwanza ni maji, kila siku ya pili, yakipigwa chini ya majani.

Na pengine aliyeua mti si mdudu kabisa. Mkarafuu mkubwa uliokuwa mzima ukinyauka ghafla mpaka majani yake yakakaukia mtini, huo ni ule ugonjwa wa kifo cha ghafla tunaoujua sote. Wataalamu Nutman na Roberts, waliofanya kazi hapa kwetu katika miaka ya 1950, walionyesha kuwa unaletwa na kuvu aitwaye Valsa eugeniae. Hakuna dawa ya wadudu hata moja itakayoufaa mti huo, na fedha inayotumiwa hapo ni fedha iliyotupwa.

Sasa turudi vyunguni. Kwetu Unguja na Pemba chungu cha maua si pambo la macho tu. Asumini huchumwa jioni ikatungwa, ikafungwa kikuba pamoja na mrihani na mkilua, ikalala kifuani mwa mwanamke usiku kucha, au ikatandazwa kitandani. Mnanaa na mchaichai huingia katika birika. Dawa iliyoandikwa juu yake kuwa ni ya maua, aliyeitengeneza alifikiri ua la kutazamwa dirishani katika nchi za baridi. Hakufikiri ua litakalogusa ngozi na pua ya mtu kwa saa nane. Kwa hiyo mimi nasema wazi: mti wowote ambao ua lake huvaliwa au jani lake hunywewa, usiupige dawa ya dukani. Kupoteza chungu kimoja cha mrihani si msiba. Mrihani huota tena kwa mbegu.

Kwa vyungu hivyo dawa zetu ni tatu, nazo ni rahisi.

Ya kwanza ni maji na mkono. Kipeleke chungu uani, kilaze ubavu, upige maji kwa nguvu chini ya majani ukiyashika kwa vidole machipukizi yasivunjike. Vidukari wakishaangushwa aghalabu hawawezi kurudi juu. Wadudu gamba waparue kwa mswaki mkuukuu. Kazi hii ikifanywa mara mbili au tatu kwa siku tano tano huwa imekwisha, wala haigharimu kitu.

Ya pili ni sabuni. Chukua sabuni ya mche, si ya unga, kwa sababu ya unga ina vitu vingine vinavyochoma majani. Ipare, upime gramu 10 hivi, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, uiyeyushe katika lita moja ya maji. Lakini maji gani? Hapa ndipo wengi waliposema sabuni haifai. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa huganda ikawa utando mweupe, nguvu yake ikaisha kabla ya kumfikia mdudu. Tumia maji ya mvua. Tena sabuni humwua mdudu iliyomgusa tu, na ikishakauka haina kazi tena, basi yapasa kulowesha chini ya jani mpaka yatiririke, na kurudia baada ya siku saba kwa ajili ya walioanguliwa nyuma. Kwa wadudu gamba na wale weupe wa pamba, ongeza vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kula katika lita ile, utikise sana mpaka yawe kama maziwa. Mafuta huwaziba pumzi. Piga jioni, usipige juani. Na kwanza jaribu kwa majani mawili matatu, ungoje siku mbili uone kama hayakuungua.

Ya tatu ni mwarobaini. Watu hutwanga majani, nayo hufanya kazi kidogo, lakini nguvu iko katika kokwa. Okota kokwa zilizoiva, ziondoe nyama, zianike kivulini, usizivundike, maana zikiota ukungu huharibika. Siku ya kutumia, menya, twanga kiini, utie gramu 50 kwa kila lita ya maji, ulaze usiku mmoja, asubuhi uchuje kwa kitambaa, utie sabuni kidogo ili yashike jani, uyatumie siku hiyo hiyo jua likishapoa. Mwarobaini haumwui mdudu papo hapo. Humfanya asile, asikue, asitage vizuri. Asiyejua hutazama baada ya saa moja, akawaona wazima, akamwaga dawa. Ngoja siku nne tano. Jua huivunja dawa hii upesi, na hilo ni sifa yake na ni udhaifu wake pia. Jambo moja tu tahadhari nalo: mafuta ya kokwa za mwarobaini yasinyweshwe mtoto mchanga kwa tiba yoyote, yamewadhuru watoto wengi katika nchi zinazoyatumia.

Wako wanaosifu maji ya tumbaku. Ni kweli huua. Huua kwa sababu nikotini ni sumu kali, nayo hupenya ngozi ya anayeinyunyiza kama inavyompenya kidukari. Na juu ya hayo tumbaku huweza kupeleka ugonjwa wa virusi kwenye pilipili na nyanya zilizo karibu. Kitu kilichotoka shambani si lazima kiwe salama, kama vile kitu cha dukani si lazima kiwe kibaya. Mafuta ya taa nayo yaacheni katika taa, huchoma majani.

Na sisi wenye karafuu tuna kishawishi chetu wenyewe. Katika nyumba nyingi za Pemba hakukosekani kichupa cha mafuta ya makonyo, na mtu akisikia harufu ile husema, mdudu gani atastahimili hapa? Ni kweli kuwa yujinoli, kitu kilicho kingi katika mafuta ya karafuu, huwadhuru wadudu wengi, na katika nchi nyingine imo katika dawa zinazouzwa. Lakini mafuta hayo hayo, yakiwa makali, huuzwa huko kwa kuunguzia magugu! Nimeona chungu cha waridi kilichonyunyizwa mafuta ya makonyo pamoja na maji kwa kukisia. Kwa siku mbili majani yote yalikuwa kahawia kama tumbaku. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo jani moja halipati kitu na la pili hupata yote. Yapakeni kwenye rafu za vitabu na makabati kama mpendavyo, majani myaache.

Basi tufike uani, na kwenye kosa langu.

Nyuma ya nyumba yangu nina mindimu mitatu, miembe miwili na minazi sita, na upande wa shamba mikarafuu inaanza. Majimoto walikuwa kila mahali. Mnawajua, wale chungu wekundu wa mitini wanaoshona majani kwa hariri ya watoto wao wakafanya viota kama mipira, na ukigusa tawi wanakuja mbio kukupokea. Msimu mmoja vijana wakakataa kuupanda mwembe, nao wachumaji wakalalamika kuhusu mikarafuu ya kando. Nikaenda dukani, nikapewa dawa ya unga yenye nguvu, nikafanya kazi mimi mwenyewe kwa siku mbili, juu na chini. Baada ya wiki hapakuwa na majimoto hata mmoja. Vijana walinisifu, nami nikajisifu.

Miezi ilipita. Siku moja nikaona vidaka vimepukutika chini ya mnazi wa kwanza. Nikasema ni upepo. Mwezi uliofuata vikapukutika chini ya minazi yote sita, na hata vile vilivyosalimika mpaka vikawa vitale vilikuwa na mikwaruzo, na utomvu mgumu kama gundi umetoka ubavuni. Nilitia samadi, nikatia chumvi kama walivyofanya wazee, nikafikiri hata mambo ambayo si ya kuandikwa hapa. Mwisho nikamwita Bwana Shamba. Akainama, akaokota kidaka, akakigeuza geuza, akatazama juu, kisha akaniuliza neno moja: "Mzee, majimoto wako wako wapi?"

Habari yenyewe iligunduliwa hapa hapa Unguja, na ndiyo maana yaniuma kuwa sikuijua. Mwanzo wa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu aitwaye M. J. Way alikuwa akitafuta sababu ya vidaka kupukutika katika minazi yetu. Alimkuta kunguni wa mnazi, mdudu wa kahawia mwenye mdomo kama sindano, ambaye huvichoma vidaka vikiwa vichanga akafyonza. Wachache wake wanatosha kuharibu mnazi mzima, maana kila mmoja huchoma vidaka vingi. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtaalamu huyo. Na aliona kitu kimoja kinachofaa kuandikwa kwenye kila mlango wa duka la dawa: mnazi uliokaliwa na majimoto haukaliwi na kunguni huyo. Majimoto humwinda, humfukuza, hula watoto wake.

Basi nilipowaua majimoto niliwafukuza askari wangu. Tena hawakurudi kwa urahisi, kwa sababu chini ya minazi mahali pao palikwisha kutwaliwa na sisimizi wenye vichwa vikubwa, wale wadogo wa ardhini, ambao hupigana na majimoto wakawazuia kupanda, na ambao kunguni wa mnazi hawamwogopi. Mambo haya mawili yalichunguzwa sana pwani ya Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990, na shauri lililotolewa halikuwa la kupiga dawa juu ya minazi. Shauri ni kupunguza sisimizi kwa chambo cha chakula chenye sumu ya polepole, ambacho hukichukua wenyewe mpaka kwa malkia wao, na kuwasaidia majimoto: kuacha miti ya majani mapana kati ya minazi, kama mchungwa, mpera, mwembe na mkarafuu, na kufunga kamba au mianzi kutoka mti hadi mti ili wavuke bila ya kukanyaga ardhi.

Wachina walifanya hivyo katika michungwa yao yapata miaka 1,700 iliyopita, wakinunua viota vya majimoto wa kwao sokoni na kuvining'iniza mitini. Na mwaka 2007 watafiti huko Benin waliandika kuwa miembe yenye majimoto wengi hupata hasara ndogo zaidi ya inzi wa matunda. Neno hilo latuhusu sana, maana tangu mwaka 2003, inzi yule wa kutoka Asia alipoonekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, embe zetu nyingi hufunguliwa zikakutwa na funza. Kwa inzi huyo, kupiga dawa embe ni kazi bure kwa mwenye miti miwili. Yai liko ndani ya tunda. Okota kila embe iliyoanguka, kila siku, uizike shimoni nusu mita au zaidi. Wenye kuweza wanunue mtego wenye dawa ya kuwavuta madume. Harufu iliyomo, mithaili yujinoli, ni ndugu wa damu wa harufu ya karafuu, lakini si ile ile. Msidhani karafuu chache ndani ya chupa zitafanya kazi hiyo.

Sitaki mnielewe vibaya: majimoto si malaika. Kama walivyo chungu wengine, hufuga wafyonzaji kwa ajili ya maji yao matamu. Katika mkarafuu humfuga mdudu gamba ambaye wataalamu wamemwita kwa jina la visiwa vyetu, Saissetia zanzibarensis, na Way huyo huyo aliandika habari ya urafiki wao mwaka 1954. Basi mwenye mti yampasa apime. Mnazi na mwembe, niachieni majimoto. Mndimu ulio mlangoni, ambapo watoto hucheza na wadudu gamba wamejaa, huo naweza kuwazuia chungu wasiupande, kwa kufunga kitambaa shinani na kupaka grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome, na kukata matawi yote yanayogusa ukuta au mti mwingine. Chungu wakikosa njia, wadudu wanaowala wadudu gamba hupata nafasi, kwa kuwa hakuna tena wa kuwafukuza. Kisha sabuni na mafuta humaliza. Na wachumaji wa karafuu wawafahamishwe mapema. Wengine hujipaka majivu mikononi na miguuni, na hupanda asubuhi kungali na baridi, wakati majimoto wamelala bado.

Mchwa wa miche ya karafuu wana habari ndefu, na tutawaandikia peke yao. Kwa sasa yatosha kusema kuwa mchwa hupenda zaidi mche ulio dhaifu kwa kiu, na visiki na vijiti vikavu vilivyozikwa shimoni wakati wa kupanda ni karamu uliyowaandalia. Matandazo yasiguse shina.

Itakuwapo siku ambapo dawa ya dukani haiepukiki. Siku hiyo usiulize jina lililochorwa kwa herufi kubwa. Hilo ni jina la mwuzaji. Tafuta kwa herufi ndogo jina la sumu yenyewe, maana chupa tatu za majina matatu huweza kuwa na kitu kimoja. Kisha tazama utepe wa rangi ulio chini ya karatasi ya chupa. Mwekundu ni wa sumu kali kabisa, na kitu hicho hakina kazi katika ua wa nyumba, hata mwuzaji akiapa. Wa manjano unafuata kwa ukali, kisha wa buluu, kisha wa kijani. Kisha soma ni mti gani ulioandikwa, na siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma. Kama mwandishi wa chupa hakuutaja mti wako, hakuujaribu. Na kama hakuna karatasi, au dawa imemiminwa katika chupa ya soda, basi hiyo si dawa, ni sumu isiyo na jina.

Dawa ya pareto, itokayo katika maua yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania Bara, humwangusha mdudu upesi na jua huimaliza upesi, lakini huua samaki na nyuki pia. Piga usiku unapoingia, mbali na kisima na birika. Ziko tena dawa zinazomwagwa mizizini, kama imidaklopridi, zikapanda ndani ya mti wote mpaka katika ua na asali yake. Hizi hukaa kwa miezi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza imidaklopridi isitumiwe nje mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Katika chungu cha maua yasiyoguswa huenda ikafaa. Katika mndimu ambao watoto hukamulia samaki ndimu zake, mimi siitii.

Wazee wenzangu wataikumbuka DDT. Aliyegundua nguvu yake juu ya wadudu, Paul Müller wa Uswisi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948, na hapa watu waliipokea kama rehema. Baadaye ikaonekana kuwa haiozi. Hukaa katika udongo na katika mafuta ya mwili, hata katika maziwa ya mama. Kwa mkataba uliotiwa saini Stockholm mwaka 2001 ilikatazwa katika kilimo, ikabakizwa kwa vita na mbu tu. Dieldrini, iliyokuwa ikitumiwa kwa mchwa, imekatazwa pia. Nasema haya kwa sababu bado viko vibanda vya shamba vyenye mikebe ya zamani juu ya dari. Msiitumie, msiimwage chooni wala baharini. Iwekeni ilipo, imefungwa, mkaipigie ripoti Idara ya Kilimo.

Kuna sababu nyingine inayotugusa mfukoni. Ua na mkarafuu kwetu havina ukuta; upepo huchukua dawa kutoka mndimu hadi mkarafuu wa kwanza, na mara nyingi jamvi la kuanikia liko kati yao. Karafuu mbichi hupoteza kiasi cha theluthi mbili za uzito wake inapokauka. Maji huondoka, dawa hubaki; kilicho kidogo katika kilo tatu mbichi hukusanyika katika kilo moja kavu. Wanunuzi wa Ulaya hupima mabaki hayo, na mzigo mmoja uliokutwa nayo huharibu jina la magunia yote yaliyokuwa pamoja nao. Msimu wa kuchuma na kuanika, bomba la dawa lisitoke bandani.

Mwenye kupiga dawa avae shati la mikono mirefu, viatu na mpira mikononi, asimame upepo ukiwa mgongoni, asivute sigara, na aoge kabla ya kula. Chupa tupu itobolewe, isitiwe maji wala mafuta ya kupikia. Mtu akianza kutoka jasho jingi na mate, macho yakamfifia na misuli ikamtetemeka, asipewe maziwa kwa kudhani kuwa yatamwokoa, wala asitapishwe kwa nguvu. Avuliwe nguo zenye dawa, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari asome jina.

Mwenye mti asiouelewa alete ofisini kwetu jani lenye ugonjwa limefungwa katika karatasi, na mdudu mwenyewe katika kichupa kilichofungwa vizuri. Asituletee jani lililokwisha oshwa. Ama majimoto, namshukuru Mungu wamerudi kwangu. Niliwahamisha kutoka shamba la jirani, viota vyote vya kundi moja, maana wa makundi mawili huuana, na mwaka wa pili vidaka viliacha kupukutika. Sasa mwembe mmoja una viota kumi na zaidi. Mwanachama atakaye aje kabla ya jua kuchomoza, na gunia lake, kamba yake, na majivu yake mwenyewe.